Jinsi ya Kutafuta Vitabu Katika Katalogi ya Maktaba Mtandaoni: Mwongozo Kamili

Katalogi ya maktaba haijasoma kitabu hata kimoja. Ukiandika neno kwenye kisanduku chake, haiendi kupekua kurasa za vitabu vilivyoko rafuni. Inapekua rekodi, yaani maelezo mafupi ambayo mkutubi aliyaandika siku kitabu kilipopokewa: mwandishi ni nani, kitabu kinaitwaje, kimechapishwa wapi na lini, kina kurasa ngapi, kinahusu nini. Kitabu cha kurasa 400 kinasimamiwa na mistari kumi na tano hivi. Neno lako lisipokuwamo katika mistari hiyo, hukioni, hata kama limejaa kila ukurasa wa kitabu chenyewe.

Nimefanya kazi ya ukutubi kwa miaka mingi, na maneno niliyoyasikia kuliko yote mbele ya meza yangu ni haya: "Nimetafuta, hamna." Mara nyingi kitabu kipo, tena kipo hatua chache tu kutoka pale tuliposimama. Kilichokosekana ni neno. Kwa hiyo karibu kila hatua utakayoisoma hapa inarudi kwenye swali hilohilo: aliyeandika rekodi aliandika nini, nami niandikeje ili tukutane?

Hatua ya 1: Hakikisha kitu chako ni cha kutafutwa katika katalogi

Katalogi huorodhesha vitu vizima: vitabu, majarida, ramani, tasnifu, filamu, na siku hizi vitabu vya kielektroniki. Vipande haiviorodheshi. Makala iliyotoka ndani ya jarida huioni kwa jina lake, wala shairi moja lililomo ndani ya diwani. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza asubuhi nzima.

Ukiwa na makala, tafuta jina la jarida, fungua rekodi yake, kisha angalia maktaba ina juzuu za miaka gani. Rekodi ikisema jarida lipo tangu 1972 hadi 1985 na makala yako ni ya 1990, jarida lipo lakini makala haipo. Makala zenyewe hutafutwa katika hifadhidata za makala, ambazo maktaba nyingi huziweka kwenye tovuti ileile, kwa kitufe kingine. Kuna maktaba zilizounganisha vyote katika kisanduku kimoja. Ukiandika neno moja ukaletewa majibu laki mbili, ujue umeingia huko. Bofya kichujio cha vitabu au cha katalogi kwanza.

Nafuu ipo kwa sura za vitabu. Baadhi ya rekodi zina orodha ya yaliyomo, na orodha hiyo hutafutika kwa neno lolote. Haipo katika kila rekodi, lakini inafaa kujaribu jina la sura au la mwandishi wa sura kabla ya kukata tamaa.

Hatua ya 2: Chagua katalogi

Anza na maktaba unayoweza kuingia au kuazima. Ukikosa, panda hadi katalogi ya pamoja, ile inayokusanya rekodi za maktaba nyingi. Kubwa kuliko zote ni WorldCat, iliyoanza mwaka 1971 chini ya OCLC, shirika lililoundwa na vyuo vya jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1967. Hiyo hukuonyesha kitabu kiko katika maktaba zipi duniani. Karlsruhe Virtual Catalog ya Ujerumani, iliyoanza 1996, inafanya kazi kwa namna tofauti: haina rekodi zake yenyewe, bali hupeleka swali lako kwa katalogi nyingi kwa mpigo na kukurudishia majibu ya kila moja.

Katalogi ya pamoja isikufanye ufunge safari. Kitabu huweza kuwa kimepotea au kimeondolewa, na habari hiyo isiwe imefika huko juu. Ukiona jina la maktaba, ingia katika katalogi ya maktaba hiyo yenyewe uhakikishe.

Hatua ya 3: Kitabu unachokijua jina

Hii ndiyo kazi nyepesi, lakini watu huiharibu kwa kuandika mengi. Usinakili jina lote la kitabu pamoja na jina dogo, mwandishi, mchapishaji na mwaka. Kila neno unaloongeza ni nafasi nyingine ya kukosea herufi, na katalogi nyingi zinataka maneno yote yapatikane katika rekodi ileile. Chukua maneno mawili au matatu yasiyo ya kawaida kutoka kwenye jina, ongeza jina la ukoo la mwandishi, basi.

Ukitumia orodha ya majina ya vitabu kwa alfabeti badala ya kisanduku cha kawaida, acha vibainishi vya mwanzo vya lugha nyingine: The na A vya Kiingereza, Le na La vya Kifaransa, Der na Die vya Kijerumani. Vimerukwa katika kupanga orodha. Kiswahili hakina tatizo hilo.

Namba ya ISBN, ile namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, huleta jibu moja safi, lakini ina mipaka mitatu. Vitabu vya kabla ya miaka ya 1970 kwa kawaida havina. Hadi mwisho wa 2006 ilikuwa na tarakimu 10, na tangu 2007 ina 13, kwa hiyo rekodi ya zamani huenda ina ile fupi tu. Na kila toleo lina yake: lenye jalada gumu lina namba moja, lenye jalada laini lina nyingine. Ukitafuta kwa ISBN ukaambiwa hakuna, huenda ni toleo hilo tu lisilokuwepo, au namba yake haimo katika rekodi. Tafuta tena kwa jina.

Majina ya watu yanahitaji subira zaidi. Katalogi huanza na jina la ukoo, kisha mkato, kisha jina la kwanza. Sheria hiyo ilitungwa kwa majina ya Ulaya, na majina yetu mengi hayakai humo vizuri. Shaaban Robert aingie chini ya S au chini ya R? Mtu anayeitwa Fulani bin Fulani aingie wapi? Wakutubi wamefanya maamuzi tofauti kwa nyakati tofauti. Usibishane na katalogi, jaribu pande zote mbili. Kumbuka pia waliobadilisha majina: vitabu vya mwanzo vya Ngũgĩ wa Thiong'o vilitoka kwa jina la James Ngugi. Katalogi nzuri ina faili ya majina inayounganisha sura zote za jina la mtu mmoja, na ukiandika la zamani itakuelekeza kwenye jipya. Isiyo na faili hiyo itakupa nusu ya kazi zake na kunyamaza. Alama kama zile za ũ na ĩ kwa kawaida hazizuii utafutaji. Ukikosa, andika bila alama, na kiritifaa cha Thiong'o nacho ukiondoe.

Hatua ya 4: Kutafuta kwa mada, na hapa tukae kidogo

Tuseme unataka vitabu vya methali za Kiswahili. Unaandika *methali*. Unapata vitabu kadhaa, unaridhika, unafunga. Umeacha nje vyote vyenye *mithali* katika jina, vyote vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na kile kizuri kabisa ambacho jina lake ni la kishairi lisilotaja methali popote.

Chukua mfano mgumu zaidi: tenzi. Neno hili lina sura nne zinazotumika vitabuni, yaani utenzi, utendi, tenzi na tendi. Mashine haijui kwamba ni kitu kimoja. Vivyo hivyo shairi, mashairi na ushairi. Mtoto na watoto. Kitabu na vitabu. Hapa Kiswahili kinatofautiana na lugha ambazo katalogi zilitengenezewa. Kiingereza hubadilisha neno mwishoni, ndiyo maana kuna alama ya nyota: ukiandika librar* unapata maneno yote yanayoanza hivyo. Kiswahili hubadilisha nomino mwanzoni, na katalogi nyingi hazikubali nyota mbele ya neno. Nyota ya mwishoni basi haikusaidii kupata wingi, na hata inapofanya kazi inaweza kukuharibia. Andika tend* uone utakavyomwagiwa maneno ya Kiingereza yasiyokuhusu.

Dawa yake ni kuandika sura zote na kuziunganisha kwa OR, kwa herufi kubwa, ndani ya mabano:

*(utenzi OR utendi OR tenzi OR tendi)*

Hiyo inaomba rekodi yenye lolote kati ya hayo manne. Ukitaka kupunguza, ongeza AND na neno la pili, mathalani *AND wanawake*. Neno la tatu la familia hii, NOT, linaondoa, nami nakusihi ulitumie kwa nadra. Ukiandika NOT Kiingereza ili kuepuka vitabu vya Kiingereza, utaziondoa hata kamusi za Kiswahili na Kiingereza. Alama za usemi hushikanisha maneno yakae pamoja kwa mpangilio huo huo. Katalogi hutofautiana kidogo katika alama hizi, kwa hiyo fungua ukurasa wake wa msaada mara moja; ni dakika mbili.

Jina la lugha yenyewe nalo limeandikwa kwa namna nyingi. Kamusi ya Ludwig Krapf iliyotoka London mwaka 1882 iliandika *Suahili*. Wajerumani huandika *Suaheli*. Majina ya nchi yana shida hiyohiyo. Kitabu kilichotoka kabla ya 1964 hakiwezi kuwa na Tanzania katika jina lake: tafuta Tanganyika au Zanzibar kivyake, na kwa zama za Wajerumani tafuta *German East Africa* au *Deutsch-Ostafrika*.

Ukishafanya yote hayo bado unakisia. Njia ya kuacha kukisia ni mada rasmi.

Mada rasmi ni istilahi ambazo wakutubi wamekubaliana kuzitumia ili vitabu vya jambo moja vikae pamoja hata kama majina yake hayafanani. Maktaba nyingi zinazofuata desturi za Kiingereza hutumia orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Katika orodha hiyo, methali zetu zinaitwa *Proverbs, Swahili*. Mashairi ni *Swahili poetry*. Lugha ni *Swahili language*, na kamusi zake *Swahili language—Dictionaries*. Angalia jinsi methali zilivyogeuzwa na mashairi hayakugeuzwa. Hakuna mtu angebuni hivyo mwenyewe. Hapo kuna mtego: ukiandika "Swahili proverbs" ndani ya alama za usemi, hupati mada hiyo, kwa sababu maneno yamepangwa kinyume. Ukiondoa alama za usemi, unaipata.

Huna haja ya kukariri orodha. Fanya hivi. Tafuta kwa neno lolote hadi upate kitabu kimoja, kimoja tu, kinachokufaa kabisa. Fungua rekodi yake nzima, shuka chini hadi penye mada, na utaona zimeandikwa kama viungo. Bofya. Vitabu vyote vya maktaba vilivyopewa mada hiyo vitakuja, vya Kiswahili, Kiingereza, Kijerumani, vyenye neno methali na visivyo nalo. Siku moja mwanafunzi alikuja na orodha ya vitabu vitatu alivyovipata kwa usiku mzima. Nikamwomba, "Hebu fungua hicho cha kwanza, mwanangu, ubofye hapo chini." Akabofya, akanyamaza, kisha akavuta kiti akakaa. Sijawahi kumwonyesha mtu hatua hii akaisahau.

Mada rasmi huzeeka, lakini. Mwaka 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani iliacha *Cookery* ikaanza kutumia *Cooking*, na katalogi ambazo hazikusahihisha rekodi za nyuma zina vitabu vya mapishi vimegawanyika mafungu mawili. Na ukiingia katika katalogi ya lugha nyingine, mada zitakuwa za lugha hiyo. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ina orodha yake ya Kifaransa iitwayo RAMEAU. Mbinu ya kuanza na kitabu kimoja na kubofya inafanya kazi kote.

Hatua ya 5: Vichujio

Pembeni mwa majibu utaona vichujio: mwaka, lugha, aina, tawi. Tumia kimoja kimoja, na uangalie idadi ya majibu inavyoshuka. Kichujio cha lugha kinategemea msimbo ulioandikwa na mkutubi, kwa Kiswahili *swa*. Kitabu cha lugha mbili huenda kimepewa msimbo wa ile nyingine, na rekodi ya haraka huenda haina msimbo kabisa. Kwa mada yenye vitabu vichache, usichuje. Soma orodha yote.

Hatua ya 6: Soma rekodi kabla ya kusimama

Rekodi fupi inayoonekana kwenye orodha haitoshi. Ifungue. Angalia toleo: ukihitaji la pili lililosahihishwa, la kwanza halitakufaa. Angalia kurasa: kitu cha kurasa 24 ni kijitabu, hata jina likiwa na fahari kiasi gani. Angalia kama kina bibliografia, maana kitabu chenye bibliografia kitakupa vingine ishirini. Angalia kama ni nakala ya karatasi au ya kielektroniki, kwani ya kielektroniki mara nyingi hufunguka kwa wanachama tu, kwa nywila.

Kisha hali ya nakala. Ikisomeka kwamba kipo, maana yake hakijaazimwa; huenda kiko mezani mwa msomaji mwingine. Kikiwa kimeazimwa, utaona tarehe ya kurudishwa, na pengine kitufe cha kukiwekea nafasi ili kikirudi ushikiwe wewe. Cha kusomea humo humo hakitoki. Kilichoko ghala hakiko rafuni, inabidi ukiombe, na huchukua muda. Jambo linalowapotezea watu safari kuliko yote ni tawi: kitabu kipo kweli, ila kipo katika jengo jingine.

Hatua ya 7: Namba ya rafu

Namba iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu ndiyo anwani yake. Inakili yote, herufi na nukta, au ipige picha kwenye skrini. Nusu ya namba haikufikishi popote.

Katika mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada na uliochapishwa mara ya kwanza 1876, lugha ya Kiswahili ni 496.392 na fasihi yake 896.392. Zinazofuata nukta ni desimali, na hapa watu wengi hukosea. Rafuni mpangilio ni 896.39, halafu 896.392, halafu 896.4. Mtu akisoma mia tatu tisini na mbili, anakwenda kuitafuta mbali sana mbele ya nne, na kitabu amekwisha kukipita.

Katika mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, Kiswahili kiko PL8701 hadi PL8704. Namba inayofuata PL ni nzima, inasomwa kama inavyohesabiwa. Herufi na tarakimu zinazofuata nukta ni desimali tena: PL8704.K34 hutangulia PL8704.K5, kwa sababu 0.34 ni ndogo kuliko 0.5.

Ukifika, usichukue kitabu chako ukaondoka. Tazama vya kushoto na kulia, kwani vimepangwa pamoja kwa sababu vinazungumzia jambo moja. Katalogi nyingi zina kitufe cha kutazama rafu hiyo kwenye skrini, na hiyo ina faida moja: inaonyesha hata vilivyoazimwa, ambavyo rafuni ni pengo tu.

Hatua ya 8: Hifadhi ulichopata

Weka alama kwenye rekodi unazozitaka, kisha zitume kwa barua pepe yako au zipakue kwa programu ya marejeo kama Zotero. Andika pia maneno uliyoyatafuta. Utakaporudi baada ya mwezi hutakumbuka kama ulishajaribu *utendi*.

Ikiwa bado hamna

Punguza maneno hadi libaki moja. Badilisha tahajia. Badilisha lugha. Jaribu katalogi ya pamoja, na ukikiona kitabu katika maktaba nyingine, uliza maktaba yako kama inaazimana nayo. Nyingi hufanya hivyo, ama kwa kuletewa kitabu chenyewe, ama kwa nakala ya sura unayoihitaji.

Uliza pia kama vitabu vyote vimeingizwa kwenye kompyuta. Katika maktaba kongwe makusanyo mengine bado yako kwenye kadi za karatasi, ndani ya droo, na kwa katalogi ya mtandaoni ni kama hayapo. Vijitabu, magazeti ya zamani, miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu na nyaraka za kale mara nyingi zina orodha zake za pembeni.

Kisha mwendee mkutubi. Mweleze unaandika kuhusu nini, maneno uliyojaribu, na kitabu kimoja kinachokaribia unachokitaka. Ukimwambia tu "nataka vitabu vya historia," atakuonyesha rafu. Ukimwambia "natafuta tenzi zilizotungwa na wanawake, nimejaribu maneno haya manne, nimepata hiki," atavuta kiti, na huenda akafungua droo ambayo hukujua kuwa ipo.